Maji ya Kifuani Yanatosha

Juzi dada mmoja msomaji wangu ameniandikia: "Natamani kuanza mazoezi ya majini, ila sijui kuogelea, halafu mwili wangu mkubwa. Watanicheka." Nimeusoma ujumbe huo mara tatu, maana mimi walinicheka kweli.

Goti langu la kulia lilikuwa limechoka. Daktari akanikataza kukimbia na kuruka kamba, vitu viwili nilivyovipenda mno. Nikajiandikisha darasa la majini. Siku ya kwanza, nikiwa nashuka ngazi, wanawake wawili waliokaa ukingoni wakanong'onezana, kisha mmoja akasema nikimsikia, "Leo maji yote yatamwagika." Nikabaki nimeng'ang'ania chuma cha ngazi kwa mikono miwili, maji yamenifika kiunoni, vidole vimekakamaa. Sikumaliza hata dakika kumi. Nililia bafuni, bomba nimelifungulia ili nisisikike. Miaka minne imepita na kicheko kile bado nakisikia.

Wiki iliyofuata nikarudi. Najivunia kurudi kule kuliko kilo zote nilizopunguza.

Mwalimu alinisogeza mpaka maji yakanifika kifuani. Maji yakiwa kiunoni, miguu hubeba karibu nusu tu ya uzito wako. Yakiwa kifuani, hubeba kama theluthi moja. Goti lililokuwa likinilalamikia kila hatua likanyamaza! Nikatembea mbele na nyuma, nikainua magoti, nikasukuma maji kwa viganja vilivyokunjuliwa hadi mikono ikawaka moto. Maji yana uzito wa kama mara 800 ya hewa, na kadiri unavyoyasukuma kwa kasi ndivyo yanavyokukatalia. Ugumu wa zoezi unaupanga mwenyewe. Ndiyo maana nasema madambeli ya sponji, yale ya kushika mkononi na kuyasukuma majini, yasubiri. Mimi niliyakimbilia wiki ya pili, mabega yakaniuma siku tatu.

Basi dada yangu, usingoje kujua kuogelea. Katika darasa la maji ya kifuani miguu inakanyaga chini na kichwa kiko juu. Mwambie mwalimu mapema kwamba huogelei, ukae karibu na ukingo. Vaa viatu vya majini, maana sakafu ya bwawa huteleza. Kunywa maji kabla na baada, kwani jasho linatoka hata kama hulioni. Mapigo yako ya moyo usiyalinganishe na ya nchi kavu, majini huwa chini kidogo. Jipime kwa pumzi: ukiweza kuongea katikati ya zoezi lakini huwezi kuimba, umefika panapotakiwa. Mwenye tatizo la moyo, presha au kidonda kibichi aanze kwa daktari.

Na tuache kungoja mwili upungue ndipo tuuonyeshe bwawani. Nani alisema maji ni ya wembamba? Wangapi wamekaa ndani na maumivu yao kwa kuogopa macho ya watu ambao hawatawanunulia hata kidonge kimoja? Watacheka, ndiyo. Waache wacheke, wewe shuka ngazi. Wiki ijayo shuka tena.

Wakati wa kutoka usiwe na haraka. Uzito wote uliouacha majini unakungoja kwenye ngazi ile ile, na siku ya kwanza utadhani umembeba mtu mgongoni. Shika chuma, tulia kidogo maji yakiwa bado mapajani, vuta pumzi, ndipo upande.