Maswali na Majibu: Mmebana Barabara, Mnaulizia Daladala

Nimejenga Goba, Dar es Salaam, ndani kidogo. Daladala zinaishia barabara kubwa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wataleta lini gari mtaani kwetu?

LATRA wanatoa leseni ya njia, barabara hawachongi. Picha uliyonitumia inasema yote: ukuta huku, ukuta kule, bajaji mbili zikikutana moja inarudi nyuma. Coaster ipite wapi hapo, igeuzie wapi? Kila aliyenunua alisogeza ukuta mpaka mwisho wa kipande chake. Urasimishaji ukifika, yaani kupimwa kwa mtaa uliojengwa bila mpango, kaeni na serikali ya mtaa, kila mmoja aachie kidogo, na mtenge pa kugeuzia gari. Anayegoma ajue zimamoto nayo haitamfikia.

Dalali anasema kiwanja kiko dakika tano kutoka lami. Nilipe?

Dakika tano za bodaboda, tena kiangazi. Hili nimelijibu mara nyingi: tembea kwa miguu, mwezi wa nne wa masika, ndipo utoe hela.

Kiwanja changu kimepimwa, hati ninayo. Mbona usafiri bado shida?

Kupima kunakupa mipaka, hakuleti abiria. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza 2002, ulipima Buyuni, Mwanagati, Kisota, Tuangoma na kwingine, barabara zikachorwa vizuri. Lakini huko ni pembezoni, na wengi walionunua waliacha nyasi miaka na miaka wakisubiri bei ipande. Dereva ana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari jioni. Hawezi kupita viwanja kumi vitupu kumfuata abiria mmoja. Hapa nawalaumu wapangaji wa mji. Ilibidi waanze na njia ya basi, viwanja vidogo na nyumba za kupangisha viwe karibu na kituo, vikubwa vifuate nyuma. Bado tunagawa kinyume.

Mabasi ya mwendokasi yakifika kwetu tumepona?

Waulize wa Kimara. Mabasi yalianza kwenda Kivukoni, katikati ya mji, Mei 2016, na aliye kando ya Morogoro Road amefaidi. Wa bondeni anaanza na boda, na mara nyingi nauli ya boda inazidi ya basi. Mkidai basi, daini pia njia ya miguu, taa na mitaro iliyofunikwa. Mama anayetoka kazini saa tatu usiku anapita hapo hapo.

Basi ninunue gari?

Ukiweza, nunua. Foleni utaikuta, na dada wa kazi na wanafunzi wa mtaa wako bado watahitaji daladala.