Kabla ya Kuuza Kiwanja ili Mtoto Awe Rubani

Wazazi wengi huniuliza ada ya chuo cha urubani ni kiasi gani, ilhali wa kwanza kuulizwa ni daktari. Leseni ya urubani wa biashara haitumiki bila cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho hutolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Kijana apimwe macho, masikio na moyo kabla hamjalipa hata shilingi moja ya ada, kwa kuwa gharama ya vipimo ni ndogo mno ukiilinganisha na kiwanja kilichokwisha kuuzwa.

Akifaulu, bado leseni si ajira. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya biashara huhitaji saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi kamili mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Lakini rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria huhitaji leseni ya juu zaidi, ambayo haipatikani chini ya saa 1,500. Pengo hilo ndilo linalowatesa vijana wetu.

Wengi wetu huku kaskazini mwa Tanzania tulilipunguza kwa kurusha Cessna Caravan, ndege ya injini moja, kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Hifadhi ya Serengeti, na viwanja vingine vya hifadhini. Huko rubani ndiye pia mpakiaji na mwenyeji wa wageni. Alfajiri nilikuwa nikikinga mafuta kidogo kutoka kwenye tangi na kuyainua kwenye mwanga nione kama yameingia maji, kisha nikisimamia upimaji wa mizigo, ambayo kwa kawaida haitakiwi kuzidi kilo 15 kwa abiria, huku nikimbembeleza mgeni aliyekuja na sanduku gumu lisiloingia popote. Kwa kuwa Serengeti iko juu sana kutoka usawa wa bahari, jua la adhuhuri huifanya hewa kuwa nyepesi, na ndege ileile iliyoinuka upesi asubuhi hudai njia ndefu zaidi ya kurukia. Hapo ni lazima kushusha mzigo, hata kama mteja atanuna. Wakati mwingine ulilazimika kupita chinichini juu ya njia ya kutua ili kuwafukuza pundamilia (nao hurudi upesi kuliko unavyodhani). Kwa maoni yangu hakuna darasa linaloishinda kazi hiyo.

Pesa yake, hata hivyo, hufuata msimu. Mvua za masika zikishika, Aprili na Mei, kambi nyingi hufungwa, safari hupungua, na posho ya saa za kuruka hupungua nazo. Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, tazama kwanza mshahara wa msingi, maana huo ndio utakaolipa kodi ya nyumba.

Kwenye mashirika makubwa kipato hutulia zaidi, lakini sikukuu utazila kazini, na mitihani ya simuleta, yaani mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, hujirudia kila baada ya miezi sita. Shinikizo la damu likipanda na cheti cha afya kikasitishwa, huruki. Ndiyo maana nawahimiza vijana wakate bima ya kupoteza leseni wakiwa bado wazima.

Kuhusu chuo, msiridhike na picha za matangazo. Nendeni siku ya kazi, mhesabu ndege zinazoruka kweli na zile zilizoegeshwa zikisubiri vipuri, muulize kila ndege inagawanywa kwa wanafunzi wangapi, kisha mlipe kwa awamu kulingana na saa ambazo kijana amekwisha kuruka.