Kuni za Juni zinachanjwa Agosti

Kamwene mkuu, na pole na baridi. Nimekuelewa hivi: umehamia Njombe kutoka Dar, nyumba uliyopanga ina dohani sebuleni, mwezi Mei ukanunua Fuso zima la kuni za milingoti (mikaratusi) kwa bei uliyoona ni ya kuokota. Sasa ni Juni, kuni zinafuka tu, zinatoa povu kwenye ncha, na mama watoto amehamia jikoni. Unauliza ubadilishe mti au uwe unazimwagia mafuta ya taa.

Mafuta ya taa yaache kabisa. Yanaunguza ngozi ya juu ya kipande, moto unaruka, halafu unarudi palepale, na siku moja utayamwaga juu ya makaa ambayo hayajazima. Na mti hauna kosa, mlingoti ni kuni nzuri. Kosa ni mwezi. Huo mti ulikatwa mvua ikiwa bado haijakatika na ukaletewa ungali unatoa utomvu. Mti mbichi maji yake yanaweza kukaribia nusu ya uzito, kwa hiyo sehemu kubwa ya ulicholipia kwenye lile Fuso ni maji. Na maji hayo lazima yatoke kabla kuni haijawaka sawasawa. Kuchemsha lita moja ya maji baridi mpaka itokote ni kazi ndogo. Kuigeuza lita hiyohiyo yote iwe mvuke kunataka joto zaidi ya mara 6 ya hapo. Joto hilo ndilo lilipaswa kukuotesha wewe. Lile povu ni maji yanasukumwa nje kwa moto wako mwenyewe.

Wenyeji wa huku tunahesabu hivi. Mvua inaanza Novemba au Desemba, inakata Aprili au Mei. Juni na Julai ni baridi, kuna maeneo ya Makete na Kitulo asubuhi unakuta sakitu imeweupisha majani. Mahindi yakishavunwa, watu wana nafasi, jua linakuwa kali na upepo wa kusini mashariki unavuma kutwa. Agosti, Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kukausha. Kuni unazoota Juni hii zilitakiwa ziwe zimechanjwa Agosti iliyopita, zikapigwa na upepo mpaka Novemba, zikaingia chini ya bati kabla ya mvua ya kwanza, zikakaa humo masika yote. Atakayekuambia "chanja Machi utawahi Juni" anakudanganya, maana Machi hewa yenyewe imeloa, kuni itamwachia nani maji?

Halafu ukanda huu si mmoja. Makambako upepo wake unajulikana, rundo linakauka ukiliangalia. Ukanda wa chai kule Mufindi una ukungu na manyunyu hata miezi ya baridi, huko ongeza muda. Tukuyu ndiyo usiseme, mvua haina adabu, kuni wanakaushia chini ya paa tangu siku ya kwanza. Wewe uko Njombe, uko katikati, shukuru.

Sasa kuchanja. Mlingoti unachanjwa ukiwa mbichi, wiki ileile ulipoangushwa. Ukiuacha gogo zima ukauke, nyuzi zake zinajisokota na kukaza, shoka linadunda na mpini unavunjika. Pia gogo zima halikauki: gome ni koti la mvua, maji yanatoka zaidi kwenye ncha zilizokatwa na kwenye uso uliopasuliwa. Mwambie kijana wa chenso, ule msumeno wa injini, akukatie vipande vya urefu wa futi moja, moja na nusu ikiwa meko yako ni mapana. Tafuta kigogo cha kuchanjia kisichozidi goti. Simamisha kipande, ukitazame kichwani: utaona vinyufa vinaanzia moyoni kwenda nje. Hiyo ndiyo njia ya shoka. Usipige katikati kwenye gogo nene, utakwama hapo mpaka jioni. Anza pembeni, bandua ubavu mmoja, zungusha, bandua mwingine, moyo utabaki mwembamba na utapasuka wenyewe. Kipande kigumu kitie kabari ya chuma na nyundo, fundi wa chuma yeyote mjini anakutengenezea. Na weka tairi kuukuu la gari juu ya kigogo, simamisha kipande ndani yake, ukichanja vibanzi havirukiruki wala huinami kuokota kila pigo. Mgongo utanikumbuka. Unene usizidi mkono wa mtu mzima.

Paini ni habari nyingine. Inapasuka kirahisi isipokuwa penye mafundo, yale matawi yanayotoka kwa mzunguko. Kijana wa chenso akate karibu na fundo ili libaki mwishoni, likibaki katikati ya kipande utalia.

Kupanga ndiko watu wengi wanakoharibu. Wanamwaga kuni chini, wanafunika turubai mpaka kwenye majani, wanaridhika. Ukifungua Oktoba unakuta ukungu mweupe, uyoga, na mchwa wamekwisha hamia. Laza nguzo mbili au matofali, kuni zisiguse udongo, hewa ipite uvunguni. Panga mstari mmoja tu wa upana wa kipande, ncha zitazame upepo unakotoka. Mwisho wa kila mstari panga kwa kukatanisha, tabaka moja hivi, tabaka jingine vile, hiyo inasimama kama nguzo na kuzuia rundo lisimwagike. Usiegemeze ukutani, acha nafasi ya kupitisha mkono. Usibane sana, panya apite ila paka asipite, ndivyo wazee walivyokuwa wanapima. Kimo kiishie kifuani, maana watoto watapanda tu hata ukataze. Juu weka bati na mawe mawili. Ubavuni acha wazi. Bati ni la mvua, ubavu ni wa upepo.

Utajuaje zimekauka? Gonga viwili: kavu vinalia kwa sauti kali, vibichi vinatoa mlio wa kuziba. Ncha zinapasuka, gome linabanduka. Mimi napenda njia ya mizani: chukua kipande kimoja, kitie alama ya chaki, kipime kwa mwenye duka kila mwezi. Kikiacha kupungua, kazi imeisha.

Kuhusu mti. Ukipata miwati, chukua, usiulize. Njombe imejaa miwati tangu ile kampuni ya miwati ilipoanza mwaka 1949 kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, na kuni zake ni nzito, zinawaka kwa joto kali na makaa yanakaa mpaka usiku. Mlingoti unafuata. Paini inashika haraka, inaruka cheche na utomvu wake unapaka dohani masizi, hivyo ni ya kuwashia tu. Mianzi ya ulanzi, ile inayogemwa pombe, ikikauka inawasha vizuri mno, lakini ipasue kwanza, la sivyo pingili zinalipuka na wageni wataruka kwenye viti.

Najua kuna mdau atasema nunua gesi. Kwa kupikia nakubaliana naye, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko. Lakini mtungi wa ugali hauoteshi sebule usiku wa Julai, tuseme ukweli.

Kitu ambacho sitaki kabisa ufanye, na watu wa kutoka joto ndio wanaokifanya, ni kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mkaa unatoa gesi ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, haikuwashi macho kama moshi. Mtu anaona usingizi mtamu, analala, haamki. Hata kama watoto wanatetemeka, ongeza mablanketi, jiko libaki nje.

Kwa mwaka huu, tafuta mabanzi makavu, yale mabaki ya kupasulia mbao. Mafinga viwanda vya mbao vinayo, hata hapo Njombe yapo, bei yake si ya kutisha. Yawashe hayo, moto ukishakuwa na makaa mengi ndipo utie kipande kimoja cha mlingoti, siyo vitatu. Zile nene zichanje upya hadi nusu ya unene wake, uzipange kama nilivyoeleza, zitakufaa masika na Juni ijayo. Dohani lizibuliwe kabla hujaendelea, kuni mbichi imeshalipaka. Na Julai ukiagiza nyingine, nenda shambani uone mti ukiangushwa, mwulize muuzaji risiti na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, maana gari likikamatwa njiani kuni zako nazo zinalala kituoni. Patana kwa ujazo zikiwa zimeshachanjwa na kupangwa. Zikiwa zimerushwa tu ndani ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nusu ya unachokiona ni hewa.