Jibu: Premiere Pro inaonyesha nembo kisha inapotea

Habari mkuu. Umesema ukibofya Premiere Pro, programu ya kuhariri video, kwenye Windows nembo inatokea, inapakia kidogo, kisha inapotea bila ujumbe wowote, na kuwasha kompyuta upya hakujasaidia.

Usikimbilie kufuta na kusakinisha upya. Mara nyingi mipangilio mibovu hubaki palepale. Kwanza bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, uone kama programu bado inaendelea kimyakimya. Ikiwepo, ifunge, ndipo ujaribu tena.

Ikikataa, kodolea macho maandishi madogo kwenye nembo. Yanaishia wapi? Yakigota kwenye jina la plagini (kiprogramu cha nyongeza), umempata mchawi. Fungua C:\Program Files\Adobe\Common\Plug-ins\7.0\MediaCore, hamishia plagini zote ulizoongeza kwenye folda nyingine, washa programu, halafu zirudishe moja moja. Ukizirudisha kwa mkupuo hutajua ipi ina shida.

Kama plagini hazihusiki, bofya ikoni na papo hapo shikilia Alt hadi uulizwe kama unataka kurejesha mipangilio ya mwanzo. Kubali. Miradi yako haiguswi.

Kisha sasisha draiva ya kadi ya michoro, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo. Ipakue kwenye tovuti ya NVIDIA, AMD au Intel wenyewe, maana inayoletwa na Windows mara nyingi huwa ya zamani. Kwa NVIDIA chukua draiva iitwayo Studio. Angalia pia kama diski C imejaa.

Bado? Tuandikie neno la mwisho linaloonekana kwenye nembo, aina ya kadi na toleo la programu.