Maswali na majibu: Dawa ya minyoo iliyo salama kwa poni mchanga

Mvua zinapoanza, barua za wenye farasi wadogo huongezeka, na karibu zote huzunguka jambo moja: ni dawa gani ya minyoo anayoweza kupewa mtoto wa poni bila kudhurika? Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Vipimo ninavyovitaja ni vya kukusaidia kuzungumza na daktari wa mifugo aliye karibu nawe, kwa kuwa yeye ndiye atakayemshika mnyama na kuamua.

Daktari, nina poni dume wa miezi minne hapa Nanyuki. Tumbo limetokeza, manyoya yamekauka na anakohoa kidogo, ingawa ananyonya na kula vizuri. Hajawahi kupewa dawa ya minyoo. Duka la dawa za mifugo limeniuzia ivermektini ya sindano, ile ya ng'ombe. Nimchome?

Tafadhali usimchome. Sindano ya ivermektini iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe imewahi kuwaletea farasi uvimbe mkali mahali ilipochomwa, na maambukizi ya bakteria wa klostridia ambayo huweza kuua. Farasi hupewa ivermektini kwa mdomo, katika dawa nzito kama dawa ya meno inayouzwa ndani ya bomba lenye alama za uzito.

Hata ungekuwa na bomba hilo mkononi, kwa mnyama uliyemweleza nisingeanza nalo. Katika umri wa miezi minne au mitano, mnyoo wa kuogopwa zaidi ni mnyoo mviringo mkubwa aitwaye Parascaris, mweupe, mnene kama penseli, anayeweza kufikia urefu wa sentimita 50. Mtoto humeza mayai yake kutoka kwenye majani, udongo, ukuta wa banda au hata chuchu za mama zilizochafuka. Lava, yaani mnyoo mchanga anayetoka kwenye yai, hutoboa utumbo, hupita kwenye ini, huingia mapafuni, hukoholewa na kumezwa tena, kisha hukomaa ndani ya utumbo mwembamba. Safari hiyo hadi mayai yaonekane kwenye kinyesi huchukua wiki kumi hadi kumi na mbili, na ndiyo maana mtoto huweza kukohoa kwanza na tumbo likafuata. (Kikohozi chenye homa ni jambo jingine: kuna usaha wa mapafu unaoletwa na bakteria katika umri huu huu, kwa hiyo mpime joto kabla ya kufikiria minyoo.)

Sababu za kutoanza na ivermektini ni mbili. Ya kwanza ni usugu: tangu mwaka 2002, uliporipotiwa Uholanzi, mnyoo huyu ameonekana katika nchi nyingi akistahimili ivermektini, na mwenye farasi hubaki akiamini kuwa ametibu. Ya pili inahusu usalama wenyewe. Ivermektini na piranteli, dawa nyingine ya minyoo, huwapooza minyoo kwa haraka, na ikiwa utumbo umejaa, minyoo waliopooza hujikusanya kama kamba zilizofungana na kuziba njia. Nimewahi kuitwa usiku kwa mtoto wa farasi wa miezi mitano aliyepewa dawa asubuhi ya siku iliyotangulia. Alikuwa akijigaragaza, na minyoo walikuwa wakitoka puani pamoja na majimaji ya tumbo. Hatukuweza kumwokoa. Dawa yenyewe haikuwa mbovu wala haikuzidishwa. Ilipewa mnyama aliyejaa minyoo ambaye hakuna mtu aliyekuwa amempima.

Kwa hiyo peleka kinyesi kibichi maabara kwanza. Minyoo wa Parascaris wakithibitika, madaktari wengi huchagua fenbendazoli, ambayo huwaua polepole kwa kuwanyima nishati, na ambayo ina nafasi pana ya usalama kwa watoto wa farasi. Kipimo chake kwa mnyoo huyu ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Hatari ya kuziba hupungua, lakini haiondoki kabisa. Mpe asubuhi, siku ambayo daktari anapatikana, na umwangalie kwa siku mbili. Akiacha kunyonya, akijitazama ubavuni, akilala na kuinuka mara kwa mara, piga simu saa hiyo hiyo.

Tahadhari moja ya rafuni: fenbendazoli hukaa karibu na albendazoli, na majina hufanana. Albendazoli ya ng'ombe na mbuzi haifai kwa farasi, kwa sababu nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni nyembamba kwao. Levamisoli nayo ina kasoro hiyo hiyo, na juu ya hayo haiwafikii ipasavyo minyoo wengi wa farasi.

Mtoto wangu ana siku tisa na anaharisha. Je, ni minyoo?

Yaelekea si minyoo. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne watoto wengi wa farasi huharisha kidogo huku tumbo lao likizoea chakula kipya, na hupona wenyewe ikiwa wananyonya na wana nguvu. Upo mnyoo mdogo, Strongyloides, anayepitia kwenye maziwa ya mama na kuleta kuhara katika majuma ya mwanzo, na ivermektini humtibu, lakini hilo huamuliwa baada ya kupima kinyesi. Bila sababu iliyothibitishwa, sipendi kumpa mtoto dawa ya minyoo kabla ya kufikisha miezi miwili. Akidhoofika, akikataa ziwa au akiwa na homa, mwite daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu mtoto wa umri huo hukaukiwa maji upesi sana.

Assalamu alaykum daktari. Niko Muscat, na binamu yangu amenitumia kutoka Uingereza bomba la moksidektini, dawa anayoisifu sana. Poni wangu ana miezi mitatu na uzito wa kilo 80 hivi. Naweza kumpa robo ya bomba?

Wa alaykum salaam. Usimpe hata kidogo. Moksidektini ni dawa nzuri kwa farasi mkubwa, na ni miongoni mwa dawa chache zinazowafikia lava wa minyoo wadogo waliojificha ndani ya ukuta wa utumbo mpana. Lakini dawa hii hupenda mafuta: kwa mnyama aliyenona hutulia ndani ya mafuta na kutoka kidogo kidogo, na kwa mtoto mwembamba, asiye na akiba ya mafuta, hubaki kwa wingi kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Dalili zake ni kupepesuka, kulegea midomo, kulala asiweze kuinuka, na pengine kupoteza fahamu. Lebo za Ulaya hukataza dawa hii kwa mtoto aliye chini ya miezi minne, za Marekani chini ya miezi sita, na zile zilizochanganywa na dawa ya tegu huwa na masharti makali zaidi. Mimi hufuata sharti kali kuliko yote, na humnyima pia poni yeyote aliyekonda, hata akiwa na umri wa mwaka mmoja.

Hilo la kugawa bomba kwa macho nalo linanitia wasiwasi. Bomba moja huwa na dawa ya farasi wa kilo 600 au 700, na robo yake ni ya mnyama wa kilo 150 au zaidi, yaani karibu maradufu ya poni wako. Kipimo cha moksidektini hakisamehe makosa ya namna hiyo.

Nitajuaje uzito bila mizani?

Ikiwa kuna mizani ya ng'ombe kwenye shamba la jirani, mpeleke huko. Mtoto akizoeshwa hupanda pamoja na mama yake, kisha unampima mama peke yake na kutoa. Vinginevyo tumia utepe maalumu wa kupimia farasi, unaozungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, ukihakikisha kuwa ni wa poni au wa watoto. Wengi hutumia hesabu ya mzingo wa kifua mara mzingo wa kifua mara urefu wa mwili, kwa sentimita, ukagawanya kwa 11,880. Hesabu hiyo ilitungwa kwa farasi waliokomaa, na kwa mtoto aliyeachishwa ziwa huelekea kutoa uzito pungufu.

Ukishapata kilo, piga hesabu ya dawa kwenye karatasi kabla ya kufungua chupa. Poni wa kilo 110 anahitaji miligramu 1,100 za fenbendazoli kwa kipimo cha miligramu 10. Ikiwa chupa ni ya asilimia 10, kila mililita ina miligramu 100, hivyo atapata mililita 11. Ikiwa ni ya asilimia 2.5, atapata mililita 44. Makosa mengi ninayoyaona yanatoka hapa, kwa mtu aliyebadilisha chupa akaendelea na mililita za zamani. Kumpunguzia dawa kwa huruma pia ni kosa, kwa sababu minyoo wanaosalia ni wale walioweza kuistahimili.

Nilimpa mtoto wangu fenbendazoli nikaona minyoo wakitoka. Sasa nimpe kila baada ya miezi miwili?

Kuona minyoo wakitoka si ushahidi kwamba waliobaki ni wachache. Pima mayai kwenye kinyesi siku unayotoa dawa, kisha pima tena baada ya siku 14. Idadi ikishuka kwa chini ya asilimia 90 baada ya fenbendazoli, au chini ya asilimia 95 baada ya ivermektini, kuna dalili ya usugu shambani kwako na dawa hiyo usiitegemee tena kwa mnyoo huyo.

Ratiba ya kila miezi miwili ilikuwa desturi tangu miaka ya 1960, na ndiyo iliyotufikisha kwenye usugu huu. Kwa mwaka wa kwanza, mara nne zinatosha watoto wengi. Ya kwanza ni kati ya miezi miwili na mitatu, kwa fenbendazoli. Ya pili ni karibu na kuachishwa ziwa, miezi minne hadi sita, baada ya maabara kusema kama mayai ni ya Parascaris au ya strongili (minyoo wa utumbo mpana), kwa kuwa hapo ndipo dawa hubadilika: strongili wadogo wamekuwa sugu kwa fenbendazoli katika sehemu nyingi za dunia, ilhali kwao ivermektini bado husaidia zaidi. Ya tatu na ya nne, karibu na miezi tisa na kumi na miwili, huwalenga strongili, na prazikwanteli huongezwa ikiwa tegu wapo kwenye malisho yenu. Baada ya mwaka na nusu, kinga ya poni dhidi ya Parascaris huwa imekomaa.

Hapa Usa River, poni wangu wa mwaka mmoja huchungwa pamoja na punda wawili. Anakohoa miezi miwili sasa, kinyesi chake kimepimwa na hakuna kitu. Punda ni wazima kabisa.

Wapime hao punda. Yupo mnyoo wa mapafu, Dictyocaulus arnfieldi, anayeishi ndani ya punda kwa miaka bila kumkohoza, na akiingia kwa farasi au poni humletea kikohozi kisichokoma. Ndani ya farasi mara nyingi hakomai, ndiyo maana kinyesi cha poni hakioneshi kitu. Cha punda ndicho kitakachokuambia ukweli, kwa njia ya maabara ya kutafuta lava badala ya mayai. Wakithibitika, ivermektini ya mdomo, miligramu 0.2 kwa kilo, hutibu wote, nao watibiwe siku moja. Huna haja ya kuwatenganisha marafiki hawa.

Je, muarobaini, majivu au tumbaku vinaweza kuchukua nafasi ya dawa?

Sijaona ushahidi wa kutosha kwamba muarobaini au majivu huwaondoa minyoo wa farasi kwa kiwango cha kumkinga mtoto. Tumbaku ni sumu, na mafuta ya taa, ambayo bado naulizwa habari zake, huunguza koo na huingia mapafuni. Kile ambacho kingewafaa wazee wetu kuliko hivyo vyote ni koleo: kinyesi kikizolewa malishoni mara mbili kwa wiki, lava wa strongili hawapati nafasi ya kusambaa kwenye majani. Kupishanisha malisho na ng'ombe pia husaidia sana, kwani minyoo wa farasi karibu wote hufa wakimezwa na ng'ombe. Mayai ya Parascaris ni magumu zaidi. Yana ganda nene lenye kunata na hukaa miaka kwenye udongo, kwa hiyo jike na mtoto wa mwaka huu wasiwekwe kwenye uwanja uliolea watoto wa mwaka jana.

Mbwa wangu hupenda kulamba chochote kinachoanguka zizini. Nifanye nini siku ya kutoa dawa?

Mfunge mbali siku hiyo, na umrudishe baada ya kuosha dawa iliyotemwa sakafuni na kuzoa kinyesi cha siku chache zinazofuata. Ivermektini ya farasi ni kali mno kwa mbwa, na mbwa wa jamii ya koli, ambao wengi wao huzaliwa na kasoro inayoiruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo, huweza kufa. Bomba tupu litupwe kwenye pipa lenye kifuniko.