Kwa mwanangu, kuhusu watu unaotaka kuwaajiri

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza ufanyeje, sasa umekuwa meneja wa hoteli huko Arusha na unatakiwa kupata wafanyakazi wapya kabla wageni wa Juni hawajaanza kumiminika, ilhali baba yako mdogo amekwisha kukuletea jina la kijana wake na kukukumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Nitakueleza ninavyofanya mimi hapa hotelini, maana katika jambo hili nimewahi kukosea, na kosa lenyewe likanifuata hadi nyumbani.

Mwombaji simpimi kwa maneno. Cheti chake nakisoma na kwa mwajiri wake wa zamani napiga simu, lakini uamuzi wangu hutokana na kazi yenyewe. Nilipotafuta mtunza stoo niliwaita watu watatu, kila mmoja kwa siku yake, nikawalipa ujira wa siku nzima kwa kuwa jasho la mtu halichezewi. Hati ya mzigo ilisema mifuko 12 ya sukari, nami nilikuwa nimepatana na dereva ashushe 11. Wa kwanza alisaini bila kuhesabu. Wa pili aliuona upungufu, nilimwona akirudia kuhesabu, lakini akaona haya kusema. Wa tatu, mama wa makamo aliyekuwa akiuza nafaka sokoni Kiboriloni, aliipanga mifuko sakafuni minne minne, akaigusa mmoja mmoja, kisha akamzuia dereva asiwashe gari, akaandika 11 kwa wino na kumtaka atie saini pembeni. Cheti cha stoo hakuwa nacho. Huu ni mwaka wake wa tano nasi.

Kijana wa baba yako mdogo naye umwite, afanye kazi ile ile watakayofanya wenzake. Mimi nilimpokea mtoto wa ndugu kwa simu moja tu, bila majaribio wala mkataba, na alipoanza kuchelewa zamu wenzake walinyamaza kwa kuwa walijua ni wa kwangu. Nilikaa miezi minane ndipo nikamwachisha, na Krismasi ile tulipopanda kijijini mama yake hakunipa mkono. Simlaumu, kwa sababu nilimpa mwanawe kazi bila kumwambia kazi hiyo inataka nini.

Utakayemchagua, mwandikie: kazi yake, mahali, mshahara na saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka hivyo, na hairuhusu saa za kawaida zizidi 45 kwa wiki. Sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi wa kabila, dini, ujauzito au hali ya ndoa, kwa hiyo usimwulize binti ataolewa lini, wala usimtafute Mchagga mwenzako kwa sababu tu mtaelewana kwa lugha.

Waliokosa wapigie simu wewe mwenyewe, usimwachie karani, na mtu akitaka kujua alipopungukiwa, mweleze. Yule wa pili nilimwambia wazi kwamba aliona na hakusema. Alishukuru, ingawa sauti ilimtetemeka.

Baba yako mdogo nitamwendea Jumapili baada ya ibada, nimwambie kijana ataitwa kwa majaribio kama wenzake.

Mama yako