Shangazi, bili ya chakula cha kosheri inatumaliza

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, sasa huu ni mwaka wa 11 niko Flatbush, Brooklyn, huku New York. Mume wangu ni Myahudi na mimi mwenyewe niliingia dini kabla hatujaoana, kwa hivyo nyumba yetu ni kosheri kamili, yaani tunakula kwa sheria za chakula za Kiyahudi tu. Tuna watoto 5. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya dini, na mshahara wake wote unaishia dukani. Kila wiki natumia zaidi ya dola 450 na Jumatano friji iko tupu. Nimeanza kukopa kwa kadi na yeye hajui. Naogopa kwenda maduka mengine nisije nikakosea nikaonekana si Myahudi wa kweli. Mama mkwe huja kila Ijumaa na anataka kuona nyama mezani. Nimekutumia picha ya risiti ya wiki jana uone mwenyewe. Nifanyeje?
Mama Watano, Brooklyn

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na hilo la kadi ndo limeniuma zaidi, ntalirudia.

Kwanza nikwambie kwa nini nathubutu kukujibu. Mimi si Myahudi, ila miaka 9 nimepika na kulea watoto kwenye nyumba ya kosheri hapo hapo Brooklyn, Borough Park. Wiki yangu ya kwanza nilikoroga uji wa maziwa wa mtoto kwa mwiko wa sufuria ya nyama, kumbe nyama na maziwa havigusani kabisa, mama mwenye nyumba akakausha uso, akachukua simu akampigia rabi, mimi nikatoka nikakaa kwenye ngazi nalia nikijua kazi imekwisha. Kazi haikwisha. Rabi alimwambia la kufanya, ikafanywa, jioni tukala. Kwa hivyo hiyo hofu yako naijua, na nimeiangalia risiti yako nikaona ni hofu hiyo hiyo inayolipa bili.

Nimekaa na kalamu nikahesabu. Risiti ina mistari 43, na 19 kati yake ni vitu ambavyo havihitaji alama yoyote ya kosheri! Mchele mkavu wa kawaida, maharage makavu, dengu, sukari nyeupe, chumvi, majani ya chai yasiyotiwa ladha, viazi, vitunguu, karoti, machungwa, mayai. Mwanangu, kitunguu ni kosheri popote kilipo. Mayai vivyo hivyo, unavunja moja moja kwenye glasi unaangalia kama lina damu, na najua hiyo tayari unafanya. Vyote hivi umevinunua kwenye duka la kosheri, na hao wenye duka siwalaumu, kodi yao ni kubwa na wateja wao ni wachache, lakini wewe mchele wa pauni 20 chukua supamaketi yoyote kubwa au kwa Wahindi uone tofauti.

Vya kiwandani ndo vinataka macho. Tafuta herufi U ndani ya duara, hiyo ni ya Orthodox Union, shirika la Kiyahudi linalosimamia chakula cha kosheri, utaikuta kwenye bidhaa nyingi sana za kawaida, hata kwenye maduka makubwa ya Costco vitu vingi vya chapa yao ya Kirkland vinayo. Ukiona D pembeni ya alama ujue kuna maziwa. Herufi K peke yake usiiamini tu, manake mtu yeyote anaweza kuichapa na haikuambii nani amesimamia. Mwombe mume wako akuandikie kwenye karatasi alama ambazo rabi wenu anazikubali, ibandike kwenye mlango wa friji na ipige picha iwe kwenye simu. Hapo hofu ya dukani itapungua nusu, manake hutakuwa unakisia tena, unalinganisha tu.

Usibane pesa kwenye nyama, jibini, mvinyo na juisi ya zabibu, hapo nunua vyenye usimamizi basi. Nyama yenu ni ghali kwa sababu za kweli, kuna mchinjaji aliyesomea, kuna msimamizi, mapafu yanakaguliwa, nyama inalowekwa nusu saa alafu inakaa kwenye chumvi saa nzima, na sehemu ya nyuma ya ng'ombe huko Marekani kwa kawaida haiuzwi kabisa kama kosheri kwa ajili ya ule mshipa wa paja wa Yakobo wa kwenye Biblia, ambao Wayahudi hawauli. Bei hiyo huiwezi. Unachoweza ni kupunguza siku. Risiti yako ina kuku mara nne, tena vidari vilivyokatwa tayari. Nunua kuku mzima mbili, zikate mwenyewe kama ulivyofundishwa nyumbani, mapaja na vidari ni vya Ijumaa usiku, shingo na migongo na mabawa yanakwenda kwenye supu na kwenye ile cholenti ya Jumamosi ya shayiri, maharage na viazi inayolala motoni usiku kucha. Na kuku wa kosheri ameshapita kwenye chumvi kwa hivyo onja kwanza kabla hujaongeza.

Maziwa sitaki kuyasemea sana. Kuna familia hazinywi ila yale yaliyosimamiwa na Myahudi tangu kukamuliwa, na hayo bei yake ni juu, na kuna zinazofuata uamuzi wa Rabi Moshe Feinstein kwamba Marekani usimamizi wa serikali unatosha. Nyinyi mko wapi hapo ni la mume wako na rabi, muulize, usijikatie mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu nifungue barua yako. Kwenye mistari yote 43 sikuona nazi. Sikuona mbaazi. Mtoto wa Kisauni! Nikajiuliza huyu binti miaka 11 anapika nini, nikaona jibu hapo hapo kwenye risiti, tambi za boksi, naget za kuku, piza ya barafu, kugeli ya kununua, ile ya viazi au tambi ya kuoka. Yaani umeacha jiko la mama yako ukidhani si la Kiyahudi, ukanunua la dukani kwa bei ya dukani.

Mwanangu, hebu fikiria. Sheria ngumu kwenye jiko lenu ni kutochanganya nyama na maziwa, na sisi watu wa pwani utamu wetu wote unatoka kwenye tui, na tui si maziwa. Ni parve, yaani si cha nyama wala si cha maziwa, kinakaa na vyote viwili. Wali wa nazi unakaa na kuku bila shida yoyote. Mchuzi wa samaki wa nazi, maharage ya nazi, mbaazi za nazi, kunde, mihogo ya nazi, vyote parve, na asubuhi watoto wakila mahamri na mbaazi wanaweza kushushia chai ya maziwa kabisa. Halafu wewe unakaa Flatbush, Church Avenue ipo hapo na imejaa maduka ya Wakaribi, kuna nazi nzima, muhogo, ndizi mbichi, na mbaazi kwenye mifuko, wao wanaziita gungo. Hata mchicha upo, Wajamaika wanauita kalalu. Mchicha tu usiwe mvivu, loweka kwenye maji yenye chumvi, suuza, alafu inua jani moja moja mbele ya taa utafute wadudu, na ukiona kazi nyingi basi chukua kabichi, toa majani ya juu, yaliyobaki yabandue uyaoshe na kuyaangalia vivyo hivyo. Ile mifuko ya saladi iliyokaguliwa tayari nimeiona mara tatu kwenye risiti na bei yake iache. Wewe ulikulia kwenye uteo, ulichambua mchele mchanga na mawe ukiwa na miaka 6, macho hayo hayo ndo yanatakiwa hapa.

Tahadhari moja kwenye tui. La unga, lile la paketi, mara nyingi linatiwa kaseinati, na hiyo inatokana na maziwa, kwa hivyo soma lebo hadi mwisho. La kopo nunua lenye alama. Ukipata mbuzi ya kukunia, hata uagize Mombasa kwa mtu anayekuja, ndo bora zaidi, manake nazi nzima haina lebo ya kukutia wasiwasi.

Samaki pia umemsahau. Mwenye mapezi na magamba, basi. Tilapia anafaa, changu anafaa, kambare hapana. Kwa muuza samaki wa kawaida chukua mzima, au minofu yenye ngozi ambayo magamba bado unayaona. Tena samaki ni parve, mkiepuka tu kumpika pamoja na nyama.

Na tenga sufuria moja kubwa iwe ya parve tu, isiguse nyama wala jibini maisha yake yote. Nitakuonyesha kwa nini. Jumapili unachemsha maharage kilo nzima kwenye sufuria hiyo, nusu unakula na wali Jumatatu, robo unapika chakula cha jibini Jumanne, iliyobaki inaingia kwenye cholenti mwisho wa wiki. Ungeyachemsha na mfupa wa nyama, yote yangekuwa ya nyama, watoto wakitoka shule wanataka jibini huwezi kuwapa, unafungua pakiti nyingine. Kwenye nyumba niliyofanya kazi tulimwaga chakula kingi kwa sababu hiyo mpaka tukanunua hiyo sufuria ya tatu.

Mkate wa Sabato kanda mwenyewe. Anayejua kukanda mahamri hashindwi na hala, ni unga, hamira, mayai, mafuta na sukari. Kanda Alhamisi usiku, ya ziada tia friza.

Mama mkwe sasa. Usibishane naye juu ya pesa. Alhamisi mwombe aje mapema akae nawe jikoni, mpe kiazi amenye, muulize bibi yake alikuwa anapika nini siku za wiki. Kama asili yao ni Ulaya mashariki atakwambia mwenyewe, viazi, kabichi, shayiri, nyama ikisubiri Sabato, na ule samaki wao wa kusaga ulikuwa njia ya kulisha meza nzima kwa samaki mmoja. Akishayasema kwa mdomo wake, Ijumaa mpakulie kuku wake na pembeni wali wa nazi. Akishtuka kuona cheupe karibu na nyama usikasirike, mwonyeshe nazi yenyewe. Wazee wao walikuwa wakipika nyama kwa tui la lozi wanaweka lozi mezani ili watu wajue si maziwa, wewe weka kipande cha nazi.

Pasaka yenu ya Kiyahudi isikukute mikono mitupu. Wiki za kabla yake supamaketi nyingi za mitaa ya Wayahudi hutoa boksi la matza, ule mkate usiotiwa hamira, bure ukifikisha kiasi fulani cha manunuzi, uliza mapema, usitupe risiti.

Na kadi. Usiku wa leo, watoto wakilala, mpe mume wako hiyo risiti pamoja na stetimenti ya kadi, zote mbili kwa wakati mmoja, umwambie Mume wangu, nilikuwa naona haya. Usimsubirishe aikute kwenye barua ya benki. Yeye ni mwalimu, mshahara wake anaujua, hatashangaa kama unavyodhani. Mkiona bado haitoshi, Masbia, jiko la msaada, wako hapo hapo Flatbush na Borough Park, wanatoa chakula cha kosheri tangu 2005 na hawamdhalilishi mtu, na mitaa mingi ina watu wa kujitolea wa Tomchei Shabbos wanaoacha boksi la chakula cha Sabato mlangoni kimya kimya. Ukipokea mwaka huu, mwaka mwingine utabeba boksi wewe kumpelekea mwenzio.

Risiti ya wiki ijayo nitumie. Nataka kuona mbaazi.